Mficha Uchi Hazai, Mdogo Wangu

Haya wadogo zangu, sogeeni. Wa Bura, wa Mwatate, wa Voi mjini, hata wewe uliyeolewa Taveta ukanyamaza kimya, sogea. Maneno ya leo ni ya ndani, na nimeyachelewesha kwa sababu najua yanauma. Wengi wenu mnaniuliza swali lile lile kwa njia tofauti: dada, nimekaa kwenye ndoa miaka hii yote na mtoto sijamwona, nifanyeje? Wengine hamsemi waziwazi. Mnazunguka, mnaulizia dawa ya tumbo, mnauliza kama ni kweli fulani alienda Nairobi akarudi na mimba, kisha mnasema mnamuulizia rafiki. Sawa. Huyo rafiki mwambie akae hapa karibu yako asikilize naye.

Kwanza nikutoe aibu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti iliyosema kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani hukutana na tatizo la kutopata mtoto wakati fulani maishani mwake. Mmoja kati ya sita! Hesabu viti vya kanisani Jumapili, uone ni wangapi wanaomeza mate machungu wakati padri anabariki watoto. Kwa hiyo usijione umelaaniwa peke yako, wala usikubali mtu akwambie ni mkosi wa ukoo wenu.

Ila najua kwetu huku linauma zaidi. Mwanamke akishazaa, jina lake la usichana linawekwa kando, anakuwa Mama Mghoi au Mama Mwakio, na wewe uliyeolewa kabla yake bado unaitwa kwa jina lako la shule. Wazee wetu wa milima hii ya Taita waliweka mafuvu ya waliotangulia kwenye mapango ya ukoo, ili walio hai wajue wametoka kwa nani. Watu waliokumbuka hivyo waliotangulia, lazima watazame sana ni nani atakayefuata. Mavyaa anapokutupia jicho tumboni, amebeba uzito wa wengi. Sisemi ana haki ya kukuumiza. Nasema tu uelewe kwamba hata yeye anaogopa, na mwenye hofu huropoka.

Sasa tumzungumzie daktari. Yupo daktari ambaye kazi yake yote ni hii, daktari bingwa wa uzazi aliyeongeza masomo ya kutafuta kwa nini mimba haiingii. Wengi wenu mnamwogopa. Mnadhani mtu akifika kwake ameshashindwa kabisa, au lazima atoke na deni, au atawekewa mtoto wa watu tumboni. Na wengine mko upande wa pili, mnadhani ana kidole cha miujiza. Pande zote mbili mmekosea, na si ajabu, kwa sababu hakuna aliyewaeleza.

Kazi ya daktari huyu kwa sehemu kubwa ni kusikiliza na kuhesabu siku. Anaanza na maswali: hedhi yako huja lini, hukaa siku ngapi, inauma kiasi gani, uliwahi kupata mimba, uliwahi kuitoa au ikatoka yenyewe, uliwahi kuugua ugonjwa wa zinaa, mumeo ana mtoto mahali pengine. Halafu anamgeukia mumeo na kumuuliza ya kwake. Hapo ndipo ninyi mnaponiudhi, wadogo zangu. Mnasafiri kutoka Bura hadi Voi, mnapanda treni mpaka Mombasa au Nairobi, mnalipa pesa ya kumwona daktari, kisha mkifika mbele yake mnamdanganya. Ile mimba uliyoitoa ukiwa kidato cha tatu unaificha kwa sababu mume yuko hapo kando. Kile kisonono ulichotibiwa kwa sindano moja dukani unakificha. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hawakuwa wakitania. Ukiona huwezi kusema mbele ya mume, mwombe daktari muonane peke yenu dakika tano. Yeye amezoea. Siri za nyumba nyingi ziko kifuani mwake, na kazi yake inamlazimu azifiche hata kwa mumeo.

Kwa nini nayashikilia hayo magonjwa? Kwa sababu barani Afrika mirija iliyoziba ni sababu kubwa sana ya wanawake kukosa mimba, na mirija huziba mara nyingi kwa maambukizi ya zamani. Klamidia inaweza kukaa ndani yako bila kuwasha wala kuuma, ikaacha makovu, na wewe hedhi yako inakuja kila mwezi vizuri kabisa. Maambukizi baada ya kuzaa au baada ya mimba kutoka nayo hufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo usiniambie, dada, mimi niko sawa kwa sababu tarehe zangu hazibadiliki. Hedhi inaonyesha mengi, lakini mirija haiionyeshi. Mirija inaangaliwa kwa picha ya eksirei, dawa ya maji ikipitishwa kwenye mji wa mimba ili ionekane kama inapita. Hufanywa siku chache baada ya hedhi kwisha. Inauma kidogo, wengine inawauma zaidi ya kidogo, sitakudanganya, lakini inapita.

Na wewe uliyezaa mtoto mmoja kisha ukakaa miaka bila kupata wa pili, usijitoe kwenye maneno haya. Kuzaa jana hakumzuii mtu kupata tatizo leo. Wala mume aliyezaa na mwanamke mwingine miaka kumi iliyopita hana cheti cha kudumu.

Eh, nimefika kwa waume. Kaka zangu, njooni hapa, na mvue kofia.

Karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, upande wa mwanamume una mchango, uwe peke yake au pamoja na wa mke. Nusu! Lakini ukienda kliniki yoyote utamkuta mwanamke ameshazunguka na bahasha ya vipimo iliyochakaa, na mume hajawahi kupimwa hata kitu kimoja. Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote alivyofanyiwa mkewe. Hakuna sindano, hakuna kisu. Anakaa bila kulala na mwanamke kati ya siku mbili na saba, anatoa manii kwenye kikopo safi, maabara inaangalia mbegu ni ngapi, zinakwenda vipi, zina umbo gani. WHO inaweka mpaka wa chini kuwa kama mbegu milioni 16 kwa mililita moja. Akiwa chini ya hapo haina maana amekwisha, ina maana kuna la kutafuta: mishipa iliyovimba kwenye korodani, homoni, maambukizi ya zamani, matumbwitumbwi aliyougua akiwa mkubwa.

Kinachowafunga kaka zetu ni kuchanganya mambo mawili. Mwanamume anajua ana nguvu chumbani, basi anaamini mbegu zipo. Nguvu za kiume ni habari moja na mbegu ni habari nyingine. Yuko mwenye nguvu zote na kikopo chake hakina mbegu hata moja. Na wako vijana wa mazoezi ya vyuma wanaojidunga homoni za kiume ili misuli ivimbe, wasijue kwamba homoni hiyo ya kununua inauambia mwili uache kutengeneza mbegu. Mwambieni daktari mnatumia nini. Mwezi wa Mei 2024 gavana wetu wa Taita Taveta, Andrew Mwadime, alipofuatana na wenzake wa Mombasa na Kilifi kupiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna, kelele zilifika hadi mahakamani. Mimi kwenye kesi hiyo siingii. Ninachokwambia, kaka, ni kwamba ukiulizwa unatafuna nini, unavuta nini, unakunywa kiasi gani, jibu kama ulivyo. Mbegu huchukua takribani miezi miwili na nusu kutengenezwa mpaka ikamilike, kwa hiyo hata ukiacha leo, usikimbilie kupima wiki ijayo ukasema haikusaidia.

Mdogo wangu wa kike, najua utasema mume wangu hakubali. Usimvizie mbele ya ndugu zake, wala usimtumie dada yake. Mwambie mkiwa wawili, taa imezimwa ikibidi, kwamba wewe huna haja ya kujua ni nani mwenye kosa, una haja ya kujua cha kutibu. Wengi wamekubali kwa maneno hayo. Asiyekubali kabisa, usikubali wewe kupasuliwa wala kuchomwa sindano za gharama kabla kikopo chake hakijafika maabara. Hapo nakuomba usimame imara.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo halisemwi. Wangapi kati yenu mume anafanya kazi Mombasa bandarini au Nairobi, anarudi mwisho wa mwezi, Ijumaa usiku mpaka Jumapili? Yai la mwanamke likitoka linaishi chini ya siku moja hivi, na mbegu zinaweza kuishi ndani yake siku chache. Siku za kupata mimba katika mwezi mzima ni kama sita tu, zile tano kabla ya yai kutoka na siku yenyewe. Mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka karibu na siku ya kumi na nne tangu hedhi ianze. Sasa mume anafika na mshahara tarehe 30, na siku zako zilikuwa tarehe 12. Mmekaa kwenye ndoa miaka mitatu mkidhani mmejaribu miaka mitatu, kumbe hamjakutana siku zenyewe hata mara chache. Daktari mzuri ataligundua hilo kabla hajakuandikia dawa. Kabla ya kumfikia yeye, chukua kalenda, andika siku hedhi inapoanza, kila mwezi, na umwombe mume apange ruhusa yake kwa kalenda hiyo. Haina gharama.

Tuje kwenye yale mnayoyasikia, watoto wanaotungwa maabara. Wa kwanza duniani, Louise Brown, alizaliwa Oldham huko Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Mama yake mirija ilikuwa imeziba, alikaa miaka tisa akitafuta. Waliomsaidia walikuwa watatu: daktari Patrick Steptoe, mtaalamu wa maabara Robert Edwards, na muuguzi Jean Purdy, msichana aliyejifunza kazi ya maabara akawa nguzo yao. Edwards alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2010. Steptoe alikuwa ameshafariki, na Purdy alikufa 1985 akiwa na miaka 39 tu, na kwa miaka mingi jina lake halikutajwa pamoja na yao. Namtaja hapa kwa makusudi, kwa sababu mkienda kliniki mnamshika mkono daktari peke yake, na yule anayekaa usiku kucha akichungulia mayai yenu kwenye darubini hamumjui.

Lakini linalonikaa moyoni ni jingine. Kabla ya yule mtoto mmoja kusifiwa dunia nzima, timu hiyo ilihudumia wanawake 282 kuanzia 1969 hadi 1978. Waliozaa watoto wazima walikuwa wawili. Wawili kati ya 282, wadogo zangu. Wale 280 walirudi nyumbani mikono mitupu, na kila mmoja wao alikuwa na mavyaa, na majirani, na kitanda cha mtoto alichokiota. Hakuna aliyewaandika magazetini, lakini njia tunayopita leo wao ndio walioifyeka.

Njia hiyo ilifika kwetu Afrika Mashariki. Uganda, Dkt. Edward Tamale Sali wa Kampala alimpata mtoto wa kwanza wa namna hiyo mwaka 2004. Kenya ikafuata 2006, Nairobi, chini ya Dkt. Joshua Noreh. Kwa hiyo usidanganywe kwamba lazima uende India au Ulaya. Madaktari wetu wanaijua kazi.

Siku ya daktari wa kazi hii inaanza mapema. Wanawake waliochomwa sindano za kukuza mayai wanapigwa picha ya tumbo kila baada ya siku chache, anapima vifuko vya mayai kwa milimita, anaongeza dawa au anapunguza. Vikikomaa, unapewa sindano ya mwisho, na saa zinaanza kuhesabiwa. Mayai yanavunwa kama saa 36 baada ya sindano hiyo. Ukichelewa, yanaweza kutoka yenyewe yakapotea, na pesa yote na maumivu yote yameenda bure. Kwa hiyo ukiambiwa sindano ni saa nne usiku, ni saa nne usiku, usije kuniambia ulikuwa kwenye mkesha. Daktari huyo naye hana Jumapili wala Jamhuri Dei, maana mwili wa mwanamke hausomi kalenda ya serikali. Baada ya kuvuna, mbegu na yai vinakutanishwa maabara, na kama mbegu ni dhaifu, moja inaingizwa ndani ya yai kwa sindano nyembamba, ufundi uliopatikana Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Siku ya tatu au ya tano yai hilo lililotungishwa, ambalo sasa linaitwa kiinitete, linarudishwa kwenye mji wa mimba. Kisha ni kungoja, takribani wiki mbili.

Hizo wiki mbili ndizo zinazowavunja watu. Na ndizo zinazomvunja daktari pia, ingawa koti jeupe linamficha. Sikilizeni hesabu hii ya Uingereza ya mwaka 2019: kwa mwanamke wa chini ya miaka 35 anayetumia mayai yake mwenyewe, kati ya viinitete 100 vilivyorudishwa, 32 ndivyo vilivyoleta mtoto. Kwa aliyefikisha miaka 43, havikufika vitano. Maana yake ni kwamba hata kwa wasichana, mara nyingi zaidi daktari anapiga simu ya huzuni kuliko ya furaha. Anapiga simu hiyo asubuhi, kisha saa tano anaingia mwanamke mwingine mwenye matumaini, na lazima ampokee kwa uso mkunjufu. Ukimkuta siku moja amechoka, msamehe. Lakini ukimkuta anakuahidi kwamba utazaa kwa hakika, asilimia mia, chukua mkoba wako uondoke. Daktari mkweli anakupa hesabu ya umri wako na kukwambia asichokijua.

Umri, umri, umri. Nalirudia neno hili kwa sababu hamlisikii. Msichana huzaliwa na mayai yake yote ya maisha, hapati mengine. Hupungua kila mwaka na uzima wake hupungua nayo, hasa baada ya miaka 35. Kwa aliye chini ya 35, mkijaribu mwaka mzima bila kupata, nendeni. Aliyefikisha 35, miezi sita inatosha. Mwenye hedhi isiyoeleweka, au inayomlaza kitandani kwa maumivu, asingoje hata hiyo. Mnakaa miaka saba mkizunguka kwa waombeaji na waganga, mnafika kwa daktari mna miaka 41, kisha mnamlaumu yeye. Chelewa chelewa utapata mwana si wako.

Na msinitajie yule bibi wa miaka 70 wa Uganda aliyejifungua mapacha Kampala Novemba 2023. Ni kweli alijifungua, katika hospitali ya huyo huyo Dkt. Tamale Sali. Lakini mayai yaliyotumika yalikuwa ya mwanamke mwingine. Habari yake isikudanganye ukadhani mayai yako yatakungoja mpaka umalize kujenga.

Wakatoliki wa Bura, najua mna swali lenu. Misheni imesimama hapo tangu 1892, imewasomesha na kuwatibu, na maneno ya Kanisa hamyapuuzi. Ni kweli, waraka wa Vatikani wa mwaka 1987 ulikataa mimba ya maabara, na anayetaka kuutii nampa heshima yangu yote. Ila msifanye waraka huo kuwa sababu ya kukaa nyumbani. Kuchunguza mirija, kutibu maambukizi, kurekebisha homoni, kutoa uvimbe, dawa ya kusaidia yai kukomaa, kuhesabu siku, hakuna Kanisa lililovikataa hivyo. Na wengi wanaofika kliniki hupata msaada wao hapo hapo, bila kufika maabara. Zungumza na padri wako bila kunong'ona.

Pesa nayo tuseme. Mzunguko mmoja wa IVF, yaani hiyo mimba ya maabara, Kenya huanzia kama laki nne na kupanda, na ukumbuke hesabu niliyokupa: unaweza kulipa na usipate. Kwa hiyo nakukataza kuuza shamba la mlimani kwa jaribio moja. Kaeni na daktari, muulize bei yote kwa maandishi, dawa ndani, picha ndani, kuhifadhi viinitete ndani. Muulize atarudisha vingapi. Vikirudishwa vitatu unashangilia, kumbe mimba ya watoto watatu ni hatari kwako na kwao. Mbunge Millie Odhiambo amepeleka mswada wa mambo haya bungeni tangu 2014, na yeye mwenyewe hajaficha kwamba amepitia uchungu huu. Usiweke sahihi karatasi usiyoielewa, hasa kuhusu viinitete vinavyobaki.

Halafu wapo wale wa simuni, wanaouza vidonge vya kusafisha kizazi, vipakiti vya kuingiza ukeni, chai ya kuzibua mirija. Mdogo wangu, kovu la mrija haliyeyuki kwa chai. Na vile vya kuingiza ndani vinaweza kukuletea maambukizi yale yale yanayoziba mirija. Unalipa ili uharibiwe. Ukiwa umeshatumia, si mwisho wa dunia, wengi wametumia kwa kukata tamaa. Mwambie daktari ni dawa gani, uache, basi.

Mwenye virusi vya ukimwi asijihesabu ameondolewa kwenye orodha. Ukimeza dawa vizuri na virusi vikawa havionekani kwenye kipimo, unaweza kumpata mtoto asiye navyo, na mwenzako abaki salama. Sema tu mapema ili mpangiwe.

Edwards, yule wa Nobel, alipata kusema hadharani kwamba jambo kubwa kuliko yote maishani ni kupata mtoto. Namheshimu sana, lakini hapo mimi na yeye tunaachana. Nimeona ndoa nyingi zaidi zilizovunjwa na kutafuta mtoto kuliko zilizovunjwa na kukosa mtoto. Mtu anaacha kuongea na mkewe, kitanda kinakuwa kazi ya ratiba, kila mwezi damu ikionekana nyumba inakuwa matanga. Kabla hamjaanza matibabu, kubalianeni mtafika wapi na mtaacha lini. Mkifika hapo na mtoto hakuja, zipo njia nyingine. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaeleza jinsi ya kuasili mtoto kihalali, na kwa Waislamu imetambua kafala, yaani kumlea mtoto bila kumbadili nasaba. Na yupo yule mtoto wa marehemu dada yako unayemlipia karo. Yeye hajui wewe ni mgumba, anajua wewe ni mama. Mavyaa atasema. Mwache aseme, wewe na mumeo muwe kitu kimoja.

Ninyi mliojaliwa watoto, nina neno na ninyi pia. Acheni kuuliza "mbona kimya?" kwenye harusi na matanga. Acheni kumpa mwenzenu mtoto ambebe ili "apate bahati" mbele za watu. Yeye hulia akifika nyumbani, na ninyi hamuoni.

Basi leo usiku, mdogo wangu, zungumza na mumeo. Andika tarehe ya hedhi yako ya mwisho, andika magonjwa mliyowahi kuugua wote wawili, pamoja na yale ya aibu. Jumatatu asubuhi nendeni hospitali ya Mwatate, au ya Moi pale Voi, mkiwa wawili, mwanzie kwa kipimo cha mume kwa sababu ndicho chepesi, kisha muulize mtapelekwa kwa daktari gani kwa vilivyobaki. Majibu yakitoka, yawe mazuri au mabaya, niandikieni. Nitayasoma mwenyewe, na jina lenu halitatoka mdomoni mwangu.